Baba aliwekewa waya kwenye ubongo, mimi nikawaambia watu ni betri ya moyo

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Nacheka kwenye nyuzi za wenzangu, nachangia mara moja moja likija suala la umeme. Leo nimeleta la kwangu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema wazi kwamba ni ujinga wangu. Ni refu kidogo, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, naishi Nachingwea. Baba yangu, Mzee Hemedi, anaishi Ruangwa, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa mchinjaji. Ng'ombe wa machinjioni, mbuzi wa harusi, wa akika, wa hitima, wote walipita kwenye kisu chake.

Kwa wasioijua kazi hiyo: kisu lazima kiwe kikali, utaje jina la Mungu, upitishe mara moja na umalize. Mnyama asiteseke. Mkono ukisita katikati, watu wanaanza kutazamana, na hiyo nyama mtu anaibeba kwa shingo upande.

Mkono wa baba ulianza kusita.

Ilianza na kidole gumba cha kulia, kinacheza chenyewe kama mtu anayevuta tasbihi. Tukacheka naye. Baadaye ikawa kikombe cha chai kinamwagika kabla hakijafika mdomoni. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyeona mengi ni shangazi yangu, Bi Somoe, dada yake baba, anayeishi Nkowe. Ndiye aliyenipigia simu kuniambia mzee hafungi vifungo vya shati mwenyewe.

Kisha ikaja siku ya dume la Shija.

Shija ni Msukuma, walihamia huku na ng'ombe wao kutoka kanda ya Ziwa, wanakaa upande wa Chinongwe. Alikuwa mteja wa baba na rafiki yake pia. Siku hiyo baba alipitisha kisu, mkono ukaruka. Akarudia, ukaruka tena. Mara ya tatu ndipo dume likatulia. Shija alivua kofia tu akaangalia pembeni. Baba akaweka kisu chini, akaondoka machinjioni kwa miguu na aproni yake mwilini, damu na yote.

Maneno ya mtaani si mnayajua? "Damu ya wanyama inamdai." Eti ng'ombe wote aliowachinja wamemrudia mkononi. Nilitaka kupigana na watu, wakuu. Wengine walikuwa wamekula nyama ya huyo mzee tangu wanaota meno.

Tukaenda hospitali, tukapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Dar. Huko wakatwambia ni ugonjwa wa Parkinson. Kuna sehemu ndogo ndani kabisa ya ubongo ambayo chembe zake zinakufa taratibu, na mwili unaanza kupokea amri zilizovurugika. Akapewa vidonge. Vilimsaidia miaka kadhaa, halafu vikaanza kumgeuka. Ikawa dawa ikiisha nguvu anaganda mlangoni, miguu imenata chini. Dawa ikikolea anajinyonganyonga mwili mzima bila kutaka.

Daktari mmoja akatueleza kuwa kuna operesheni ya kuweka waya ndani ya ubongo. Tukaenda kufanyiwa India. Msiniulize iligharimu kiasi gani. Shamba la mikorosho lilikwenda, dada yangu akasaidia, tuliishia hapo.

Sasa nisikilizeni hapa, maana wengi mnadhani ni kisa cha sinema.

Baba anajua Kiswahili na Kimwera tu. Operesheni yenyewe mgonjwa anakuwa macho, lazima madaktari waongee naye. Kwa hiyo walinivalisha gauni, kofia na barakoa, wakaniingiza ndani niwe mkalimani kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Nimeona kwa macho yangu.

Asubuhi walimfunga fremu ya chuma kichwani, imekazwa kwa skrubu nne, baada ya kumchoma ganzi kwenye ngozi. Wakampiga picha akiwa na hiyo fremu ili wapate vipimo. Mimi kama fundi nilishangaa: wanapiga hesabu ya kufika sehemu ndogo kama punje ya maharage, wakitokea utosini, bila kuiona kwa macho.

Wakatoboa fuvu. Mlio wa ile drili ni ule ule ninaoujua kazini, tofauti ni kwamba hapa ilikuwa kwa baba yangu. Yeye hakusikia maumivu, ubongo wenyewe hauumi, ila alisikia mtetemo. Akasema kitu kwa Kimwera. Daktari akaniuliza amesema nini. Sikutafsiri. Alikuwa anamwita mama yake.

Wakateremsha waya mwembamba wa kupimia, taratibu sana, na spika ikawa inatoa mlio wa chembe za ubongo, kama redio inayotafuta stesheni. Mtaalamu anasikiliza huo mlio ajue kafika wapi. Walipofika, wakaweka waya wenyewe wa kubaki humo, ambao ncha yake ina vituo vidogo vinne vya kutolea umeme. Kisha wakawasha.

Daktari akaniambia, "Mwambie anyanyue mkono wa kulia."

Baba akanyanyua. Ukasimama. Wakuu, ule mkono ulikuwa haujatulia namna hiyo kwa miaka sita, ukasimama hewani kama wa kijana!

Baba akautazama, akauliza, "Seifu, huu mkono wa nani?"

Nililia ndani ya barakoa mpaka muuguzi akanishika bega.

Waliongeza umeme kujaribu, mdomo wake ukavutwa upande na ulimi ukawa mzito, wakapunguza. Ndivyo wanavyotafuta kipimo. Wakafanya na upande wa pili. Siku chache baadaye walimlaza kwa dawa ya usingizi, wakaunganisha zile waya za kichwani na waya mwingine unaopita chini ya ngozi: nyuma ya sikio la kushoto, unashuka shingoni, mpaka kwenye betri waliyoizika kifuani upande wa kushoto. Ukipapasa unaisikia, kama kiberiti chini ya ngozi. Tukapewa na rimoti yake.

Tulionywa kuhusu mashine kubwa za picha, mashine za kupasha joto misuli na milango ya ukaguzi uwanja wa ndege. Kuhusu wembe hakuna aliyetwambia kitu, na kwa kweli wangejuaje?

Sasa nakuja kwenye ujinga wangu.

Siku moja kabla ya kurudi, baba amelala, mimi nimekaa nawaza. Rimoti ikizimwa, mzee anatetemeka. Ikiwashwa, mkono unatulia na anaweza kuchinja. Basi watu wakijua, watauliza: anayechinja ni nani, yeye au mashine? Nia inatoka wapi? Nilimwona kabisa kichwani mwangu mjuaji mmoja wa pale sokoni akiuliza hilo swali kwa sauti, na baada ya hapo hakuna harusi wala hitima itakayomwita Mzee Hemedi. Na hao waliosema damu inamdai wangesema sasa anaendeshwa kwa rimoti kama msukule.

Betri iko kifuani, upande wa kushoto. Uongo ulikuwa umeshajitengeneza wenyewe.

Nikamwambia, "Baba, tukifika nyumbani tunasema ni betri ya moyo."

"Uongo wa nini tena, Seifu? Waganga wameponya, tuseme wameponya."

"Baba, unataka kisu chako au hutaki?"

Akaipapasa ile betri kifuani. Mwisho akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Kidato cha nne na chuo cha ufundi cha VETA, hiyo ndiyo elimu aliyokuwa anaiheshimu.

Makovu ya kichwani yakafunikwa na kofia. Rimoti akawa anaiweka mfuko wa kanzu, imefungwa kwenye leso. Nikamwambia hata shangazi Somoe ni betri ya moyo. Nikamsisitizia, "Shangazi, kifua chake mtu asikiguse, wala asikigonge." Akaitikia kwa kichwa, na yule mama ukimpa agizo, analishika.

Baba akarudi machinjioni. Wa kwanza kumletea ng'ombe alikuwa Shija. Nilifunga safari kutoka Nachingwea nikaone. Kisu kikapita mara moja. Shija akapiga kofi moja tu, akasema, "Mzee umerudi." Jioni ile baba alikula ugali kwa mkono wake, akachovya mchuzi bila kudondosha, nami nikajiona mjanja kweli kweli kwa ule uongo.

Tulipata mwaka na miezi kadhaa ya namna hiyo. Namshukuru Mungu kwa hiyo miezi, siwezi kukufuru.

Halafu shingo ikaanza kumkaza. Alikuwa amekwenda Nkowe kwa shangazi kipindi cha kuvuna ufuta. Shingo haigeuki, kichwa kinauma. Kwetu sisi, shingo ikikaza unapiga chuku. Kwa wasiofahamu: mtu anachanja ngozi kidogo kwa wembe, anabandika pembe au kikombe, kinavuta damu. Baba amepigwa chuku maisha yake yote, kila mwaka kabla ya msimu. Ni jambo la kawaida kama kunyoa.

Mpigaji akaja. Mtu mwenye adabu zake, wembe mpya, mikono kanawa. Akachanja shingoni na nyuma ya masikio, huko ndiko wanakochanja kwa maumivu ya kichwa.

Mimi sikujua. Zilipita karibu wiki tatu. Nilipokwenda Ruangwa nilimkuta baba amekaa kibarazani, kofia imevutwa chini mpaka sikioni, na shangazi yuko naye, amekuja kumwuguza. Kulikuwa na harufu. Nikamvua kofia.

Nyuma ya sikio la kushoto kulikuwa na kidonda kinachotoa usaha, na katikati ya kidonda kuna kitu kinang'aa. Wakuu, mimi waya naujua.

Nikapiga kelele, "Nani kamkata hapa?"

Shangazi akashtuka. "Ni chuku tu, mwanangu. Shingo ilimkaza. Kidonda kimegoma kukauka, nampaka dawa."

"Mmemuua baba! Shangazi, mmemuua baba yangu!"

Majirani wakatoka. Nilimtukana mama yule mbele za watu, mtu aliyenilea mimi kila mama alipokuwa akiugua. Akaniacha nimalize. Kisha akasema:

"Tumemuua vipi, Seifu? Mpigaji aliuliza kwanza, kile kifaa kiko wapi. Nikamwambia kifuani, ni cha moyo. Kifua hatukukigusa hata kwa kidole. Si wewe ndiye uliyetwambia?"

Nikamgeukia baba. "Na wewe baba? Wewe ulijua waya unapita pale!"

Baba akanitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo.

"Uliniambia nisiseme," akasema. "Nikaona ni chale ndogo tu, haitafika."

Wakuu, kazini kwangu, kabla sijatoboa ukuta wa mtu swali langu la kwanza ni waya umepita wapi. Miaka yote nauliza hivyo. Mwenye nyumba akinidanganya nikapigwa shoti, nitamlaani kutwa nzima. Na mimi ndiye niliyewadanganya ndugu zangu waya umepita wapi, ndani ya mwili wa baba.

Tukaondoka siku ile ile. Ruangwa, Lindi, Dar. Daktari akatueleza kuwa vijidudu vikishashika waya, dawa haivifikii vizuri, na vinaufuata waya kupanda juu. Kwanza wakatoa betri na waya wa shingoni, wakaacha zile za ndani ya ubongo wakitumaini zitasalimika. Akawekewa dawa za kupitia mshipani. Siku ya tisa homa ikapanda, akaanza kuongea na watu waliokufa zamani. Wakamrudisha kwenye mashine ya picha, wakakuta usaha umeanza kuufuata waya ndani. Wakazitoa zote.

Hakufa. Nawaambia mapema wale mnaosoma mkiwa mmeshika roho.

Lakini ule ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa siri miaka yote hiyo, umeme ulikuwa unauficha tu. Waya zilipotoka, ukamshukia wote kwa mara moja. Mwili ukakaza kama ubao. Hawezi kujigeuza kitandani. Kumeza ni shida, tunampa uji kwa kijiko, kidogo kidogo, na mikono yake inatetemeka juu ya shuka hata kwenye usingizi mwepesi.

Daktari alisema baada ya miezi, kidonda kikipona kabisa, inawezekana kuweka upya. Hatuna tena shamba la kuuza. Na baba mwenyewe alikataa. Alisema, "Kichwa hiki kimetobolewa vya kutosha."

Tuliporudi Ruangwa, sheikh wa msikiti wetu akaja kumwona. Nilikuwa nimechoka kubeba, nikamweleza yote mbele ya baba: waya, rimoti, uongo, na lile swali la nia lililonitia woga.

Akasikiliza, akaniuliza, "Alipokuwa anachinja, bismillah alikuwa anataja nani?"

"Yeye."

"Kisu alishika nani?"

"Yeye, sheikh."

"Basi mkono wake, nia yake. Mimi navaa miwani, tuseme kusoma inasoma miwani?" Akatikisa kichwa. "Ungekuja kuniuliza, Seifu. Nyumba yangu unaijua. Umeme wake si umeufunga wewe?"

Jambo lililokula mkono wa baba lilimalizika kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai.

Shija alikuja pia, na maziwa. Alikaa sakafuni karibu na kitanda, akamshika baba mkono wa kulia kwa mikono yake miwili mpaka alipoondoka.

Aliyekuwa haji ni shangazi.

Nikachukua bodaboda mpaka Nkowe. Nilimkuta uani anapepeta ufuta. Hakunikaribisha kiti, na nilistahili. Nikamwambia ukweli wote nimesimama: kwamba baba hakuwa na tatizo la moyo, kwamba waya ulitoka kichwani ukapita nyuma ya sikio, kwamba yeye alifuata agizo na agizo ndilo lililokuwa la uongo. Nikamwomba msamaha kwa yale matusi.

Akaweka ungo chini. Akapeleka kidole nyuma ya sikio lake mwenyewe la kushoto, akakisugua pale taratibu.

"Ulipita hapa?"

"Hapo hapo, shangazi."

Halafu akasema, "Mimi ndiye niliyemshika kichwa, asitikisike."

Akaokota ungo akaendelea kupepeta, machozi yanamtiririka. Tangu siku hiyo amerudi Ruangwa kumwuguza kaka yake. Ananisalimia, ananipakulia chakula. Jina langu hajaliita tena.

Basi wakuu, funzo nililolipata nalisema bila kupamba. Ukiwa na mgonjwa mwenye kifaa chochote mwilini, iwe kichwani, moyoni au kwenye mfupa, waambie wanaoishi naye ni nini, kiko wapi na kinapita wapi. Mwambie anayemnyoa, anayemchua, anayempiga chuku. Na kama unaogopa dini au watu watasemaje, kaulize kwa wanaojua kabla hujajitungia jibu. Mimi niliogopa swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Msinitukane sana, au nitukaneni, nimeshajitukana mwenyewe kwa lugha zote ninazozijua. Kama kuna mwenye ndugu aliyefanyiwa hii operesheni, aje tuongee. Mwenye swali la waya, la betri, la rimoti, aulize, nitajibu lote.

Nimemsomea baba huu uzi kabla sijaubandika. Maneno yanamtoka kwa tabu sasa, inabidi uweke sikio karibu na mdomo wake. Ameniomba niongeze jambo moja tu, niandike kwamba dada yake hana kosa.

Nimeandika.